Inapanda au Inashuka

4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Najua barua hii inakukuta dirishani, miwani umeipandisha kwenye paji la uso na unaitafuta nyumba nzima. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu. Goti lake limetulia tangu alipokubali kutembea na fimbo, ingawa akisikia hodi huificha nyuma ya mlango na kumpokea mgeni kwa kujishikilia ukutani. Mwambie mkazamjomba kile kitambaa alichonitumia kimekuwa pazia, na jirani ameshaniuliza mara mbili nimekitoa wapi. Sijamwambia.

Sasa neno lenyewe. Kazi yangu unaijua, hata kama kwenye ukoo bado wanasema mimi naandika vile vikaratasi vya kwenye maboksi. Kampuni imeanza kutengeneza lifti za majengo ya kawaida: nyumba za kupanga, ofisi ndogo, hospitali za ghorofa chache. Mimi nimepewa kitabu chake cha maelekezo. Si kile cha mafundi, wao wana chao. Changu ni cha mlinzi wa jengo, mtu mwenye funguo na tochi, ambaye siku umeme ukikatika na mtu akakwama ndani hana wa kumuuliza.

Juzi meneja aliniita. Akasema, "Tumekupatia mtaalamu. Amestaafu, lakini mafundi wengi wa lifti tulionao wamepita mikononi mwake. Tatizo hapokei simu." Akanionyesha jina lako. Nilinyamaza kwanza, nisije nikaonekana najivuna mbele ya wakubwa. Halafu nikashindwa. Nikamwambia, "Huyo ni kaka wa mama yangu. Hapokei simu kwa sababu mashine za kiwanda zimemla masikio. Mwandikieni barua, atajibu." Akacheka, akasema basi mwandikie wewe.

Kwa hiyo nakuandikia mara mbili, kama mpwa na kama kampuni. Kama kampuni nauliza: umeme umekatika, mtu yumo ndani ya lifti kati ya ghorofa mbili, na mlinzi amepanda mpaka chumba cha mashine juu ya jengo. Afanye nini, hatua kwa hatua, hadi mtu yule atoke? Nieleze kama unayemweleza mtu asiyewahi kuona lifti upande wa ndani, na utie sahihi chini.

Kama mpwa nauliza tu kama unalala vizuri.

Mtoto wa dada yako.


21 Februari

Bibi Maswali, marahaba, na nyingine za akiba.

Barua yako niliisoma kwa sauti, na unajua sauti ya mtu asiyejisikia. Mkazamjomba wako akaja mbio kutoka nyuma akidhani nagombana na mtu. Nikamwambia sigombani na mtu, nimeajiriwa. Amecheka mpaka akakaa chini. Yeye mzima, anasema kitambaa kilikuwa cha gauni, si cha pazia, lakini amekusamehe.

Ninalala vizuri. Mzee akikuambia halali, ujue analala mchana.

Sasa chukua kalamu. Kwanza, azime swichi kuu na kuifunga kwa kufuli, asije akatokea mwerevu mmoja akaiwasha. Pili, amwambie aliye ndani akae mbali na mlango, lifti itasogea. Tatu, ahakikishe milango ya ghorofa zote imefungwa. Nne, ashike mkono wa breki na kuiachia kidogo, airudishe, aiachie kidogo, airudishe, kama mtu anayemimina chai kwenye kikombe kinachokaribia kujaa. Lifti itashuka kwa uzito wake. Kwenye zile kamba za chuma pana alama nyeupe. Alama ikifika mbele yake, lifti imekuwa sawa na sakafu. Arudishe breki. Tano, ateremke ghorofa ya chini ya pale ilipokwama, afungue mlango kwa ufunguo wake maalumu, amtoe mtu, ampe maji.

Hayo nimeyafanya kiwandani miaka yote, kwenye zile lifti za kushushia unga. Ningeweza kuyafanya nimelala. Nimetia sahihi hapa chini kama mlivyotaka.

Wale wazee tunaokutana kwa kinyozi nimewaambia naandikwa kitabuni. Mmoja akauliza kitabu cha nini, nikamwambia atakisoma siku atakayokwama.

Mjomba wako.


3 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na umpe mkazamjomba pole ya gauni. Mama ameanza kumpa fimbo yake jina. Anaiita "mzee wangu" na kuisema ikianguka. Nimechelewa kuandika kwa sababu kazi zilinisonga, na pia mkono wa kushoto ulinisumbua kidogo, sasa uko sawa.

Maneno yako yamekaa vizuri kitabuni. Lile la kumimina chai nilitaka kuliacha kama lilivyo, meneja akasema kitabu cha kampuni hakinywi chai, lakini nimelipigania na limebaki.

Nina swali dogo moja. Mnara wa majaribio wa kampuni umekamilika, tuna lifti nzima ya kuchezea, na mimi nina mazoea ya kufuata mwenyewe kila ninachokiandika kabla hakijaenda kuchapwa. Kuna jambo limenifanya niulize: je, ni lazima lifti ishuke? Ikiwa ndani yumo mtu mmoja tu, tena mwembamba, bado itashuka?

Nijibu utakapopata nafasi. Lakini usikawie sana, Mjomba.

Mwanao.


22 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika. Huku mvua zimetukuta paa likiwa na tundu pale juu ya jiko. Nilipanda mwenyewe kuliziba, mkazamjomba wako akawa amesimama chini ananielekeza, na hajawahi kupanda paa tangu azaliwe. Paka wa jirani amezalia kwenye kikapu changu cha vifaa. Nimehamisha bisibisi, nimemwachia koleo. Mwambie dada yangu goti linataka mafuta ya uvuguvugu, si majina. Yule mzee wa kwa kinyozi anauliza kitabu kinatoka lini, nimemwambia vitu vizuri vinachukua muda.

Kuhusu lile la kupanda na kushuka: maji hayapandi mlima. Nimeshatia sahihi.

Mjomba.


30 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi paa limezibika. Mama anasema mafuta ya uvuguvugu ulimwambia tangu ujana wenu na hayajawahi kumsaidia.

Nisamehe, narudi palepale. Najua unalijua hili kuliko mimi. Lakini ngoja nikuandikie nilichokiona, unisahihishe. Lifti haining'inii peke yake. Upande wa pili wa kamba pana vyuma vizito vya kuisaidia, na vyuma hivyo vimepimwa vilingane na lifti iliyojaa nusu. Ikijaa watu, lifti ndiyo nzito, itashuka. Akiwa ndani mtu mmoja, vyuma ndivyo vizito. Ukiachia breki vyuma vitashuka, na lifti je?

Nilimpelekea meneja swali hili. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi.

"Mtaalamu ametia sahihi?"

"Ametia."

"Basi. Likitokea la kutokea, sahihi ni yake. Wewe ni mwandishi, kazi yako koma na nukta."

"Siku hiyo mlinzi hatakuwa amemshika mtaalamu mkononi. Atakuwa ameshika kitabu changu."

"Ndiyo maana tukaweka mtaalamu. Ili wewe usibebe."

Nikamwambia sipeleki kurasa zile kuchapwa. Hakupenda. Mama naye, niliyedhani ataniunga mkono, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kaka yangu alikuwa anafungua mashine wewe ukiwa hujajua kufunga viatu. Huwezi kumwandikia mtu mzima kwamba amekosea." Nimeosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Sisemi umekosea, Mjomba. Nauliza. Ulipokuwa kiwandani, uliwahi kuiachia breki lifti isiyo na mzigo?

Mwanao.


12 Mei

Mpwa,

Salamu.

Nimefundisha mafundi wengi na hakuna aliyewahi kunitaka nithibitishe maneno yangu kwa barua tatu. Hayo ya vyuma najua, nimevifunga kwa mikono hii. Umeona nini huko mnarani cha kukufanya usimamishe kazi ya watu? Ameumia nani? Kama hakuna aliyeumia, chapeni kitabu. Kama hamniamini, futeni sahihi yangu mtafute mtaalamu mwingine, wapo tele mjini wenye masikio mazima.

Mkazamjomba wako anakusalimu.

Mjomba wako.


19 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, sote wazima.

Umeuliza ameumia nani. Nilikuwa nimeamua nisikuambie, na Mama mpaka leo hajui, kwa hiyo barua hii uisome peke yako, tena kimyakimya tafadhali.

Siku ile mnarani nilimwomba fundi wa majaribio akae juu kwenye breki, mimi niwe mlinzi wa jengo. Ndani ya lifti tuliweka mfuko wa mchanga wenye uzito wa mtu. Nikamwambia tufuate kitabu neno kwa neno, tusitumie akili zetu, maana mlinzi mwenyewe atakuwa na hofu, hatakuwa na akili ya ziada. Alizima swichi, akafunga kufuli, akaachia breki kidogokidogo. Alama nyeupe ilipofika mbele yake akaita, "Tayari." Mimi nikateremka ghorofa ya chini, kama kitabu kinavyosema, nikaingiza ufunguo.

Nilivuta mlango mguu wangu ukiwa umeshatangulia. Ndivyo mtu anavyoingia mahali anapojua pana sakafu. Hapakuwa na sakafu. Palikuwa na giza, kamba zinatikisika, na upepo wa baridi unatoka chini. Lifti ilikuwa juu yangu, imesimama sawasawa kabisa na ghorofa ya juu. Alama nyeupe ilisema kweli: lifti imefika sakafuni. Haikusema sakafu ipi.

Nilishika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto. Ndio ule mkono niliokuambia umenisumbua. Kiatu kimoja kilianguka. Nilikisikia kikifika chini, Mjomba, na hakikufika upesi.

Fundi alishuka akanikuta nimekaa sakafuni nimeukumbatia ukuta. Aliniuliza, "Nani amekuambia inashuka?" Nikamjibu, "Nimeandika mimi." Sikukutaja. Na sikukutaja si kwa sababu ya heshima tu. Ni kwa sababu ilikuwa kweli. Wewe ulijibu swali nililokuuliza. Mimi nilikuuliza mlinzi afanye nini, sikukuuliza wewe ulikuwa ukiyafanya hayo kwenye lifti ya namna gani, imebeba nini. Mwenye ujuzi husema anachokijua. Kazi ya kuuliza pale anapoishia ilikuwa yangu, nami nilikuwa nimefurahi sana kuona jina lako kwenye karatasi ya kampuni, nikasahau kazi yangu.

Sitafuti mtaalamu mwingine. Nakutaka wewe. Lakini kurasa zile haziendi popote mpaka niwe nimezifuata na mguu wangu umekanyaga kitu kigumu. Wakinifukuza, nitarudi kuandika vikaratasi vya kwenye maboksi, na vyenyewe vitakuwa vya kweli.

Mwanao.


8 Julai

Mpwa wangu, damu yangu,

Barua yako ilifika Mei. Leo ni Julai. Najua.

Nitakueleza nilichofanya, hayo mengine tuyaache.

Nilikwenda kiwandani. Sasa fundi mkuu pale ni yule niliyemfundisha, yule mwenye mwanya, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Nikamwambia nataka lifti ya unga, tupu, na nataka uizime. Akasema, "Mzee, lifti tupu ya nini?" Nikamwambia weka kiti kimoja ndani. Wakaweka kiti. Nikapanda chumba cha mashine. Ngazi zile zimeongezeka urefu tangu nistaafu. Vijana wake wote wakanifuata, wakidhani nakuja kuwaonyesha kitu.

Nikashika breki. Mkono uliikumbuka, mpwa wangu, kama unavyokumbuka mlango wa nyumba uliyokulia. Kabla sijaiachia nikawauliza, "Inapanda au inashuka?" Wote wakajibu pamoja, "Inashuka." Yule mwenye mwanya akaongeza, "Mzee ulitufundisha mwenyewe."

Nikaachia. Kamba ikaenda upande nisiouzoea. Lifti ikapanda, pole kabisa, na kiti chake ndani.

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

Nimekaa nikafikiri ilikuwaje miaka yote ile nisilione. Si kwamba sikujua jinsi vyuma vinavyofanya kazi. Mtihani ningefaulu. Lakini sisi lifti yetu ilikuwa ya kushusha unga. Ikikwama na magunia na vibarua ndani, tunakimbia kuiokoa, nayo inashuka, kila mara inashuka. Ikikwama tupu tunaiacha mpaka umeme urudi. Nani anaokoa hewa? Kwa hiyo maisha yangu yote nimeokoa lifti nzito tu, na uliponiuliza, kichwa hakikujibu. Ilijibu mikono.

Na uliponiuliza tena nikakujibu kwa maji na mlima. Fundi akianza kujibu kwa methali, ujue hana jibu.

Niliwaambia wale vijana hapohapo. "Niliwafundisha nusu. Nusu nyingine nimefundishwa na mwanamke mmoja anayeandika vitabu, na alilipia kwa kiatu." Wakataka kujua ni nani. Nikasema hiyo si kazi yao.

Sasa chukua kalamu, na safari hii ukiona neno lisiloeleweka uliza mara nne. Lifti ikiwa na watu wengi, itashuka. Ikiwa na mmoja au wawili, itapanda. Ikijaa nusu itagoma, hapo usilazimishe breki, zungusha gurudumu la mkono lililo juu ya mashine, pole, upande ulio mwepesi. Alama nyeupe isiwe tu mstari. Kampuni yenu ipake namba ya ghorofa kwenye kamba, rangi haiwezi kuwashinda. Na la mwisho, ambalo mimi nisingelifikiri kwa sababu masikio yangu yamekufa, lakini walinzi wenu wana masikio: kabla ya kufungua mlango wowote, mlinzi agonge, aite. Aliye ndani akijibu kutoka nyuma ya mlango uleule, afungue. Asipojibiwa pale pale, asifungue.

Nimetia sahihi. Lakini usiichape kwa sahihi yangu. Ichape ukishaifuata.

Mjomba wako.

Hapa ni mimi, mkazamjomba wako. Yeye amekwenda kunyoa, nami nimeona upande huu wa karatasi una nafasi. Hajakuambia kwamba barua yako ya Mei aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati na akalala nayo. Nikamuuliza kuna msiba? Akasema, "Nilimpeleka mtoto wa dada yangu kwenye shimo." Siku nyingi hakutaka kula na mtu. Kila akianza kukuandikia anachana. Asubuhi moja nikamkuta amevaa ovaroli yake ya kazi, ile niliyokuwa nimeshaifanya tambara, imembana tumboni, akaondoka bila chai. Aliporudi jioni alikuwa mchafu wa grisi mpaka masikioni, na aliomba chakula mara mbili. Usimwambie nimekuandikia. Mkono wako ukoje sasa?


25 Agosti

Mjomba, shikamoo, na umshike mkazamjomba mkono kwa niaba yangu, bila kumwambia kwa nini.

Kiganja changu kimepona. Limebaki kovu jembamba kama uzi. Mama aliligundua akanibana mpaka nikamweleza yote. Akasema, "Sasa umwandikie kaka yangu kwamba dada yake amesema asante kwa kwenda kiwandani." Basi nimekuandikia. Mimi sikuambiwa asante. Lakini jioni ile alinipikia, naye anajua mimi ndiye mpishi wa nyumba hii.

Tulizifuata kurasa zako mnarani, mimi na fundi wa majaribio, mfuko mmoja wa mchanga, kisha mifuko mingi, kisha nusu. Ilipanda. Ikashuka. Ikagoma, gurudumu likaisogeza. Safari hii ndani ya lifti aliingia meneja mwenyewe. Alisema kama kitabu kimesimamisha kazi namna hii, basi akipime kwa mwili wake. Nilipofika kwenye mlango nikagonga, nikaita. Akajibu kutoka nyuma ya mlango, sauti yake ndogo kama ya mtoto. Nikafungua, akatoka, akatazama sakafu kwanza kabla ya kuikanyaga.

Alisema tu, "Kuanzia sasa hakuna ukurasa unaotoka hapa kabla mwandishi hajaufuata." Neno hilo amelitundika ukutani, kwenye chumba chetu. Waandishi wenzangu wananilaumu kwa sababu sasa wanapanda ngazi za mnara kila wiki. Yule anayeandika kuhusu majenereta amerudi jana na masizi usoni, akaniambia, "Mtaalamu wangu naye alikuwa amesahau kitu." Alikuwa anatabasamu.

Kitabu kimechapwa, nakutumia nakala mbili, moja ya kwako na moja ya kwa kinyozi. Kwenye ukurasa wa nyuma kuna majina mawili, mtaalamu na mwandishi. Niliulizwa lipi litangulie. Nimetanguliza lako kwa umri, si kwa makosa. Chai imebaki.

Mwanao.


14 Novemba

Mpwa wangu,

Vitabu vilifika, na hicho cha kwa kinyozi kimeshika mafuta ya nywele lakini kinasomwa. Paka amehamisha watoto wake, nimepata kikapu changu. Mwambie dada yangu salamu zake nimezipokea kama zilivyotumwa, naye ataelewa.

Nilikuwa nimepanga nikuandikie wiki iliyopita, nikasema ngoja kwanza nikaone kwa macho. Hospitali yetu ndogo hapa wameongeza ghorofa na kufunga lifti. Nilisikia ni ya kwenu. Basi jana nikachomekea shati nikaenda, nikajifanya mgonjwa wa kifua.

Kwenye lifti yupo mama mmoja, mlinzi wa jengo, mnene wa makamo, funguo amezivaa shingoni kama medali. Kitabu chako amekitundika kwa uzi kwenye msumari. Nikakishika nikafungua. Akaniambia kwa sauti niliyoisikia hata mimi, "Mzee, hicho si cha kusomea foleni."

Nikamuuliza kama kimewahi kumsaidia. Akaniangalia kuona kama mimi ni mtu wa kuambiwa. Kisha akasema umeme ulikatika wiki ile ile walipofungua jengo, muuguzi mmoja akakwama peke yake na dawa za wagonjwa. Akasema alipanda juu amebana tochi kwa meno, akasoma.

"Ningefuata akili yangu ningekwenda chini," akaniambia. "Kitu kizito kimening'inia, umekiachia, kitakwenda wapi? Lakini kitabu kinasema mtu mmoja inapanda. Nikasema haya, mwandishi, twende. Nikaenda ghorofa ya juu ya pale ilipokwama, nikagonga, nikaita. Binti akajibu hapohapo, karibu anikumbatie na mlango. Sasa kuna fundi alipita hapa juzi kuangalia taa, nikamsimulia, akanibishia. Akasema lifti ikiachiwa inashuka, kila mtu anajua. Nikamwambia wewe na kila mtu wako mkae mbali na mlango wangu."

Akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Na wewe mzee mikono hiyo ni ya ufundi. Wewe unasemaje?"

Nikamwambia, "Nasema kitabu ndicho kweli."

"Umejuaje?"

"Aliyekiandika ni mtoto wa dada yangu," nikamwambia. "Na aliyemwambia inashuka ni mimi."

Watu wa foleni waligeuka, maana unajua sauti yangu. Sikuipunguza. Nilisema kwa kifua mbele, mpwa wangu, yote mawili.

Mjomba wako.